Vitabu ulivyoniomba

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliupata Jumapili nikitoka Misa ya kwanza. Niliusoma nimesimama chini ya mwembe wa parokia, nikaurudia nyumbani: "Mama, nitajie vitabu vitano vya Kikatoliki vinavyofaa kusomwa. Visiwe vya novena." Hayo maneno ya mwisho, ya kuzikwepa sala za siku tisa, yalinichekesha. Nimekaa na swali lako siku nne, maana mtu ambaye hajakanyaga kanisani miaka miwili akiuliza jambo kama hilo hajibiwi kwa pupa.

Vitano sikupi. Nakupa vitatu, na kimoja cha kuonja.

Anza na Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Najua utakachosema: mama ananipigia fumbo la Monika, aliyemlilia mwanawe mpaka akaongoka. Ningekuwa na nia hiyo ningekutumia picha yake uitundike ukutani, ingenigharimu kidogo zaidi. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambako leo ni Souk Ahras, Algeria. Alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, na kitabu hiki alikianza akiwa tayari askofu. Chote anazungumza na Mungu. Sisi ni kama tunasikiliza mlangoni.

Utamkuta akiwa na miaka 16, yeye na wenzake wanaiba mapeari usiku. Hawana njaa, na mengi wanaishia kuwatupia nguruwe. Halafu anajihoji kurasa kadhaa: kwa nini niliiba? Nilipokuwa msichana nilimwona anakuza mambo. Siku hizi namwona mkweli kupita kiasi, hasa anapokiri kwamba peke yake asingeiba. Wewe unayekagua hesabu za watu nadhani utamwelewa upesi kuliko mimi.

Halafu kuna ule usiku wa Karthago. Anataka kwenda Roma, mama yake amemng'ang'ania. Anamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo. Monika anakwenda kusali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani, na merikebu inatweka tanga. Asubuhi mama amebaki ufukweni analia. Hapo huwa namhurumia.

Ila kuna mahali simtetei. Augustino aliishi miaka mingi na mwanamke mmoja, wakamzaa Adeodato. Walipokuwa Milano, Monika akahangaikia kumpatia mwanawe mchumba wa hadhi, binti ambaye hata umri wa kuolewa ulikuwa bado. Yule mwanamke akarudishwa Afrika, mtoto akabaki kwa baba. Jina la mwanamke huyo halitajwi popote kitabuni. Augustino anasema moyo wake ulichanika, ukaacha alama ya damu. Mtakatifu ni mtakatifu, lakini mimi nikifika hapo nafunga kitabu kwanza. Nakumbuka nilivyoingilia mambo yako ule mwaka, na maneno niliyomwambia yule binti jikoni kwangu. Unajua ninachosema. Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo, nakuomba sasa.

Ndani ya Maungamo kuna vitabu vidogo 13. Tisa vya kwanza ndiyo habari za maisha yake. Cha 10 anachimba kumbukumbu, cha 11 anauliza wakati ni kitu gani. Vya mwisho viwili, juu ya kitabu cha Mwanzo, vilinishinda. Vikikushinda na wewe, usione haya.

Cha pili ni riwaya ya Mwingereza Graham Greene, The Power and the Glory, ya mwaka 1940. Hukuniambia kwa nini uliacha kanisa, lakini mimi nadhani ni yule padre. Sitamtetea. Nataka tu usome habari za padre mwingine, ambaye hata mwandishi hamtetei. Mambo yanatokea Mexico, katika jimbo ambalo serikali imepiga marufuku mapadre. Wengine wamekimbia, wengine wameuawa, mmoja amelazimishwa kuoa. Aliyebaki anatoa sakramenti kwa kujificha, naye ni mlevi, ana mtoto wa nje, na mwoga. Kuna mahali anatafuta divai ya Misa. Anaipata kwa magendo, kwa fedha yake ya mwisho, lakini adabu inamlazimu awakaribishe waliomuuzia, nao wanainywa yote mbele ya macho yake. Analia, nao wanadhani ni pombe inayomliza. Mwishoni anaitwa kumwungamisha mwuaji anayekufa. Anajua ni mtego, na bado anakwenda. Wakuu wa Roma walikilalamikia kitabu hiki zamani hizo. Mimi kimenifundisha juu ya upadre kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, na nimeyasikia mengi.

Cha tatu utakikunjia uso: maisha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyoyaandika mwenyewe. Maua mengi, sukari nyingi, vumilia. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1897 katika monasteri ya Wakarmeli huko Lisieux, Ufaransa, akiwa na miaka 24. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yanalifaa Kanisa lote. Chini ya ile sukari kuna mtu mgumu. Anasimulia mtawa aliyekaa nyuma yake wakati wa tafakari, akitoa kijisauti cha kuudhi mpaka Teresia akalowa jasho kwa kujizuia asigeuke kumkazia macho. (Kwaya yetu ina mwimbaji wa sauti ya pili anayeburuta. Simtaji.) Lakini nakutumia kwa ajili ya kurasa za mwisho. Tangu Pasaka ya 1896 imani yake iliingia giza nene, halikuondoka mpaka akafa. Anasema amekubali kukaa mezani pamoja na wasioamini na kula mkate wao. Yeye hawasemi vibaya watu hao. Amekaa nao tu.

Cha kuonja ni tenzi za Mwalimu Nyerere. Alizitunga Injili nne kwa utenzi, zikachapwa na watawa Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Soma kwa sauti, hata beti kumi tu. Ukisoma kimya utaona ni kazi ya mizani, na utachoka.

Vyote nimevifunga kwenye boksi la sabuni, litafika kwa basi la Jumamosi. Risiti nitakupigia picha. Cha Greene nimekiazima kwa sista mmoja, kirudi kabla ya Kwaresima. Maungamo ni yako. Kwenye ukurasa wa merikebu utakuta tarehe nimeiandika kwa penseli pembeni. Ni ile siku uliyoondoka na basi la alfajiri bila kuniamsha.

Mama yako