Mshahara wa grini kadi ya kazini: usiishie kuuliza utalipwa ngapi, uliza ritani ya kodi ya bosi inasemaje

Haipiti wiki bila mtu kunitumia meseji ile ile, kaka kampuni imekubali kunifanyia grini kadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja), eti mshahara wa chini unaotakiwa ni ngapi? Najibu hakuna. Watu wananuna, wanaona nawaficha. Ila ndo ukweli, hakuna namba moja ambayo ukiivuka umepita. Ile asilimia 125 ya mstari wa umaskini mnayoisikia kwa mashemeji ni ya ndugu kumleta ndugu, fomu I-864, huku kwenye kazi haikuhusu labda hiyo kampuni iwe ya ndugu yako wa karibu au awe na hisa humo kuanzia asilimia 5.

Kwetu huku namba inatoka Wizara ya Kazi ya Marekani. Mwajiri anapeleka maelezo ya kazi, wao wanamrudishia mshahara wa soko kwa kazi hiyo kwa eneo hilo, na yeye haruhusiwi kukuahidi chini ya hapo hata kwa dola moja. Eneo lina uzito sana. Mhasibu wa San Francisco na mhasibu wa mji mdogo Texas wanafanya kazi ile ile kabisa lakini karatasi zao hazifanani. Af kuna ngazi 4, ya kwanza ni ya anayeanza, ya nne ni ya mtu aliyekomaa, na kila sharti ambalo bosi anaongeza juu ya kawaida ya kazi, miaka ya uzoefu, digrii kubwa zaidi, kusimamia watu, linaweza kukupandisha ngazi. Hata lugha. Wapo wanaodhani ukiweka sharti la kujua Kiswahili utawakimbiza Wamarekani wasiombe hiyo nafasi, wewe unajiongezea tu mshahara ambao bosi hataumudu na bado ataambiwa athibitishe biashara yake inakihitaji kweli.

Na jamani marupurupu hayahesabiwi hovyo. Nyumba ya bure, gari, bonasi ya "tukifanya vizuri mwaka huu", hivo sahau, wanaangalia mshahara wa uhakika unaoingia kila wiki au kila mwezi.

Sasa hapo ndo wengi wanapoishia, namba imetoka, bosi kasaini, sherehe. Mi pia niliishia hapo na nikaipata fresh.

Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni ndogo ya malori Houston, watu 14 ukihesabu na madereva, niko kwenye H-1B, viza ya kazi ya muda, nalipwa dola 49,000 kwa mwaka. Mshahara wa soko kwenye karatasi ya grini kadi ukatoka 58,000 kwasababu kazi iliandikwa inahitaji uzoefu wa miaka 2. Bosi hakushtuka, wakili akamwambia (na ni kweli) kwamba huo mshahara ni wa siku zijazo, sio lazima aanze kuulipa leo, ataulipa nikishapata kadi. Tukafurahi wote. Ambacho hakuna aliyetuambia kwa sauti ni kwamba halazimiki kuulipa leo, lakini analazimika kuonyesha kwamba ANGEWEZA kuulipa, kuanzia siku ile PERM (maombi ya mwajiri kwa Wizara ya Kazi kuonyesha hakupata Mmarekani wa nafasi hiyo) ilipoingizwa mpaka siku unapata kadi. Miaka yote hiyo katikati. Siku ya kuingiza PERM ndo hiyo hiyo inakuwa tarehe yako kwenye foleni ya grini kadi, kwa hiyo foleni yako na deni la bosi vinazaliwa siku moja.

Tukaja kupeleka I-140, ombi la mwajiri kwa Uhamiaji, ndani ya zile siku 180 tangu PERM ikubaliwe, baada ya muda ikaja barua yao ya kudai ushahidi zaidi. Niliisomea jikoni nimesimama, chai inachemka mpaka ikamwagika. Walikuwa wameangalia ritani ya kodi ya kampuni, fomu 1120-S, faida halisi ya mwaka ule ilikuwa dola 4,000 na ushee. Kampuni inaingiza hela kila siku, malori hayalali, faida elfu 4! Na mnajua iliyoila hiyo faida? Uchakavu wa malori, yani ile thamani inayopungua kila mwaka na kukatwa kwenye faida. Na mnajua nani aliandaa jedwali la uchakavu? Mimi, kwa mkono wangu, na bosi akanisifia kwamba nimempunguzia kodi.

Uhamiaji hawakurudishii uchakavu. Unaweza kuwaeleza mpaka kesho kwamba ule sio hela iliyotoka mfukoni, wao wanachukua faida halisi kama ilivyo kwenye ritani, basi.

Njia zinazotumika sana ni 3. Ya kwanza, bosi awe tayari anakulipa mshahara ule ule wa kwenye karatasi, hapo umemaliza. Kama anakulipa pungufu, wanaangalia lile pengo, kwangu lilikuwa 9,000. Ya pili, faida halisi ifikie pengo hilo, kwangu elfu 4, nimeanguka. Ya tatu ni mali za muda mfupi ukitoa madeni ya muda mfupi, yani keshi ya benki, hela wanazodaiwa wateja, toa bili zinazotakiwa kulipwa ndani ya mwaka. Ya pili na ya tatu huwezi kuzijumlisha, unachagua iliyo kubwa. Nikafungua mizania ya 31 Desemba mikono inatetemeka, nikakuta 41,000, pengo limezibika. Nilikaa chini.

Kampuni ikiwa na wafanyakazi 100 au zaidi maisha ni rahisi, barua ya mkuu wa fedha inaweza kukubaliwa. Ndo maana manesi wa Kenya wanaochukuliwa na mahospitali makubwa hawazijui presha hizi, nao mshahara wa soko unawahusu kama sisi ingawa nafasi zao hazitangazwi kwanza kutafuta Mmarekani. Ukiwa kwenye kampuni ndogo, omba kuonyeshwa ritani KABLA hamjaanza. Bosi akisema hiyo siri yake, sawa, amwonyeshe wakili, ila mtu aiangalie kwa macho. Na ukisikia "tutakata kidogo kidogo kwenye mshahara wako tulipie PERM" jua hapo kuna shida, tangu 2007 gharama za PERM na wakili wake ni za mwajiri, wewe unaweza kujilipia zile za mwishoni kama I-485, ombi lako mwenyewe la kadi.

Basi mwaka wa pili, Novemba, bosi kaja ofisini anacheka, kapata malori mawili ya mtumba kwa bei ya kutupa, anataka kulipa keshi. Nikahisi tumbo linakata. Keshi ikiwa benki 31 Desemba ni mali ya muda mfupi, ikishageuka lori sio tena, af uchakavu wake unashuka moja kwa moja kwenye faida, yani angenifunga milango miwili kwa cheki moja. Nikafunga mlango nikamwambia bosi wangu nakuheshimu, hiyo hela ndo karatasi yangu, naomba uisubirishe wiki 6 tu, na kama huwezi basi nipandishe mshahara nifike 58,000 sasa hivi tusahau mambo ya ritani. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Akauliza, kwa hiyo lori likiingia hapa wewe unatoka? Nikamwambia karibu hivo.

Hakunipandisha mwaka ule, alinipandisha Machi. Malori yaliingia Januari, meupe yote mawili, moja kioo kimepasuka, na mimi ndo niliyaandika kwenye jedwali la uchakavu.