Usiseme karibu kabla ya kutandika mkeka

Kwa wiki tatu kerneli yangu ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilininyima usingizi. Nilikuwa naiandika usiku nyumbani, Langoni hapa Lamu, na kuijaribu kwenye kompyuta kuukuu ya x86 yenye kibodi ya PS/2. Mara inawaka na herufi zinaandikika. Mara inawaka, saa inahesabu, lakini kibodi kimya. Msimbo ni uleule.

Siri niliiona nilipoacha kukodolea skrini nikatazama kidole changu. Menyu ya kuwashia hutaka nibonyeze Enter. Nikiachia upesi, mambo safi. Nikichelewa kuachia, kibodi inakufa.

Kitufe kikiachiwa nacho hutuma baiti. Ya Enter ni 0x9C. Nikichelewa, baiti hiyo ilifika intarapti (ishara za vifaa za kumkatiza prosesa) zikiwa zimefungwa, kabla sijaipanga upya PIC, chipu inayopokea ishara hizo na kumpelekea prosesa. Nami nilidhani cli, amri ya kuzifunga intarapti, ni kama daka la nyumba zetu: mgeni akipiga hodi huketi pale hadi aitwe, hapotei. Sivyo. Amri ya cli huziba masikio ya prosesa tu. Vifaa vinaendelea kupiga hodi. PIC 8259 nayo husikia waya unapopanda, na ukiipanga upya inasahau mpando uliotangulia. Waya umeshapanda, baiti haijasomwa, kwa hiyo hakuna mpando mpya. Kibodi inangoja isomwe, kerneli inangoja iitwe.

Dawa ni mistari michache: baada ya kuipanga PIC, soma lango 0x60, zinakotoka baiti za kibodi, mpaka biti ya kwanza (biti 0) ya lango 0x64, linaloonyesha kama kuna baiti inayongoja, iwe sifuri. Kisha ndipo ufungue laini ya kibodi, ule waya wake kwenye PIC.

Mpangilio ninaoushikilia sasa ni huu. Naziba laini zote za PIC kwa kuandika 0xFF kwenye 0x21 na 0xA1, napakia IDT (jedwali la kumwonyesha prosesa pa kwenda kwa kila intarapti), nahamishia intarapti kuanzia namba 32 (ukiziacha pale pa zamani, saa inaangukia namba 8, ambayo prosesa huitumia kwa kosa lake la double fault), nakausha kibodi, nafungua laini moja moja. Amri ya sti, inayozifungua intarapti, ni ya mwisho kabisa.

Jambo jingine dogo lililonitesa: usiweke chochote kati ya sti na hlt, amri ya kumlaza prosesa hadi intarapti ije. Prosesa huchelewesha intarapti kwa amri moja baada ya sti, hivyo zikifuatana hakuna kinachopenya katikati. Mimi nilipachika nop moja, amri isiyofanya kitu. Herufi ikaingia hapo hapo, prosesa ikalala nayo, ikasubiri saa iiamshe. Saa ikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida wa mara 18.2 kwa sekunde, hiyo ni hadi milisekunde 55.

Ukitaka kujua kama umepona, usitegemee bahati ya kidole. Weka kitanzi cha kupoteza sekunde tano kabla ya kuipanga PIC, bonyeza vitufe ovyo muda wote huo, halafu uone kama herufi inayofuata itatokea.