Gemu ya familia ambayo macho hayako kwenye TV

Mwezi huu barua tatu zimekuja zote zinazungukia gemu moja, 1-2-Switch ya Nintendo, basi nimeziweka pamoja.

Habari za kazi kaka. Shemeji yangu amerudi kutoka Muscat na Nintendo Switch, ile mashine ya gemu, watoto wameivamia hatulali. Idi tunakutana ukoo mzima Tanga kwa bibi yao, nataka gemu ambayo hata bibi mwenyewe atacheza, na yeye hajawahi kushika pedi. Nimeambiwa ninunue 1-2-Switch. Inafaa au nitatupa hela? Mama wa Watatu, Dar

Nzuri dada, na Idi njema mapema. Inafaa, tena kwa bibi ndo inafaa zaidi kuliko kwa hao watoto.

1-2-Switch ilitoka tarehe 3 Machi 2017, siku ileile Switch yenyewe inaingia sokoni, na kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu zile pedi mbili ndogo za pembeni, Joy-Con, zinafanya nini. Ndani kuna vigemu 28, vifupi vifupi, na utamu wake ni kwamba TV inawapa maelekezo mwanzoni na sauti, baada ya hapo muda mwingi mnageukiana mnaangaliana usoni. Hakuna kujifunza vitufe kumi na mbili, ambacho ndo kinawakimbiza wazee kwenye gemu zetu.

Kuna cha kukamua ng'ombe, nakusihi uanze nacho. Pedi unaishika wima kama chuchu, unabana vitufe vya pembeni kwa mpangilio huku unavuta chini, ukikosea mpangilio maziwa hayatoki, ukipatia unayasikia kabisa yanavyochuruzika mkononi. Nilicheza nyumbani na mama yangu mkubwa ambaye amekulia zizini, vijana wanavuta kwa fujo kama wanapiga kengele na glasi zao hazijai, yeye akabana juu kwanza, akashuka pole pole, macho hayabanduki usoni kwa mpinzani wake, kawamaliza wote na bado anauliza nani anafuata. Mwaka mzima sikuwahi kumuona anacheka vile.

Kingine ni cha kuwahiana kuchomoa bastola, mkono unakaa chini kiunoni, mnasubiri neno tu, halafu gemu inawaambia nani kawahi na kwa muda gani. Kama hupendi watoto wanyoosheane bastola hata ya kuigiza, kiruke, mimi mwenyewe kwa wadogo nakiruka na hakuna mtu anauliza.

Sasa la hela. Ilipotoka ilikuwa karibu dola 50 Marekani na hiyo kwangu ni bei kubwa kwa kitu ambacho mkicheza jioni tatu nne mfululizo mtakuwa mmekizoea. Wii, mashine ya zamani ya Nintendo, ilipotoka 2006 kule Marekani na Ulaya, gemu ya Wii Sports ilikuja ndani ya boksi, unafungua unacheza, nyumba nzima inaelewa ile rimoti ni ya nini, na hii nayo ilitakiwa iwe hivyohivyo, naamini hivyo mpaka leo. Kwa hiyo tafuta kadi ya gemu iliyotumika, au azima kwa mtu, muitoe siku za watu wengi tu. Na zile kamba za mkononi zivaeni, kila mtu, hata huyo anayejiona mzoefu. Wii ya kwanza rimoti ziliwaponyoka watu zikaruka mpaka kwenye TV, Nintendo ikabidi ibadilishe kamba Desemba mwaka uleule.

Umeme ukikatika msivunje kikao, Switch ina kiguu chake cha nyuma, isimamisheni mezani mwendelee na chaji iliyopo.

Sasa bro, kwenye 1-2-Switch kuna kile kigemu cha kuhesabu mipira kwa Joy-Con. Nimeitikisa hadi mkono ukachoka, najua hakuna mipira ndani, lakini naisikia! Inakuaje? Mwanafunzi, Nairobi

Hili swali limenifurahisha sana, maana hapo ndo ufundi wote wa hii pedi ulipo. Pedi za zamani zilikuwa na mota inayozungusha kipande cha chuma upande mmoja, inaanza taratibu, inasimama taratibu, kwa hiyo unachosikia ni mngurumo tu. Joy-Con ina kizito kidogo kinachorushwa mbele na nyuma kwa nguvu ya sumaku, kinaanza papo hapo na kusimama papo hapo, ndo maana kinaweza kukupa mgongano mmoja mdogo mkavu, ukatulia, ukaja wa pili. Halafu kuna vihisio vinavyojua pedi imeinama upande gani na kwa kasi gani, programu inapiga hesabu kwamba mpira ungekuwepo sasa hivi ungegonga wapi, na inagonga hapo. Kiganja chako kinamalizia.

Kosa lako ni kutikisa. Iweke bapa kiganjani, inamishe upande mmoja pole pole kabisa, tulia, utasikia tik, tik, tik, inapogonga ukuta mmoja mmoja, kisha irudishe upande wa pili uhakikishe.

Mimi nina Switch Lite, ile ndogo ya kushika mkononi, mdogo wangu ana Switch 2. Hiyo 1-2-Switch itacheza kwetu? Kaka Mkubwa, Mwanza

Yako itakusumbua. Lite pedi zake hazichomoki, wala haiungi kwenye TV, kwa hiyo itabidi ununue Joy-Con pembeni, na Lite haizichaji, unahitaji pia kifaa cha kuzichajia. Kwa gemu hii moja usiingie gharama hiyo.

Ya mdogo wako, iliyotoka Juni 2025, ndo mcheze hiyo. Ila Joy-Con zake mpya hazina ile kamera ya infraredi, na kuna kigemu cha kushindana kula mikate ambacho kinaangalia mdomo unavyofunguka na kufunga, hicho bila kamera hakiendi. Azimeni Joy-Con ya kulia ya Switch ya zamani, inaungana na Switch 2 bila waya. Kamera yenyewe ni kile kioo cheusi kidogo kwa chini, kifuteni mafuta ya pilau kwanza.