"Indecent" na "obscene": ukiandika "kitendo kichafu" hujamaliza kazi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi niko ofisi ya wafanyakazi kwenye hoteli moja huku Diani, nimepewa kanuni za kazi za Kiingereza nizigeuze Kiswahili tubandike kantini. Kuna kifungu kinasema mfanyakazi akifanya "indecent act", au akimtumia mwenzake ama mgeni kitu "indecent or obscene", anafutwa kazi. Nikaandika "kitendo kichafu" na "vitu vichafu". Jamaa mmoja wa jikoni kanijia kaniuliza, kwa hivyo nikikutwa na aproni chafu ndo basi? Hapo nikaona kumbe sijaeleweka kabisa. Hayo maneno mawili yana tofauti gani na niandike nini?

Jibu: Marahaba dada yangu. Huyo jamaa wa jikoni mshukuru sana, manake kauliza mapema jambo ambalo angekuja kuulizia mbele ya kamati ya nidhamu akiwa tayari kashika barua. Mi kazi yangu ni tafsiri, za mahakamani na za maofisini, na hili neno "indecent" nakutana nalo kila mara na karibu kila mara limetafsiriwa kwa haraka, "uchafu", "utovu wa adabu", "mambo yasiyofaa", halafu msomaji anabaki kukisia. Hotelini ndo vibaya zaidi kwa sababu uchafu pale una maana yake ya kila siku, sare, sakafu, masufuria.

Tuanze na lenyewe. Linatamkwa in-DII-sent, mkazo uko katikati, wengi wetu tunauweka mwanzoni. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "decere", yaani kufaa, kupendeza mbele za watu. Kwa hiyo "decent" ni kinachofaa, na "indecent" ni kisichofaa, na ukisikiliza vizuri Waingereza wanavyoongea utaona neno lenyewe halikuanzia kwenye mambo ya ngono kabisa. Mtu akiwa nje ya mlango wa chumba akauliza "are you decent?" anauliza umeshavaa niingie? Mshahara "decent" ni mshahara wa mtu kujikimu bila kuaibika. Na wana msemo "indecent haste", haraka isiyo na staha, mfano mtu kazikwa juzi, hata arobaini haijafika, ndugu washaanza kupimana viwanja. Hapo hakuna ngono yoyote, kuna watu wamevuka mpaka ambao kila mtu pale anaujua.

Neno letu lililo karibu kabisa na hiyo maana ya jumla ni staha. Na si mimi niliyeligundua, Shirika la Kazi Duniani tangu 1999 lina ule msemo wao wa "decent work" na kwa Kiswahili umezoeleka kama kazi zenye staha, umekaa vizuri na watu wameuelewa. Basi ukikuta "indecent" kwenye maongezi, gazetini, kwenye barua, sehemu ambayo haigusi sheria, "isiyo na staha" au "ya kukosa staha" itakutoa salama mara nyingi.

"Obscene" ni jirani yake lakini ni mkali zaidi. Kwa Kilatini lilikuwa na maana ya kitu cha kuchukiza na pia kitu chenye ndege mbaya, cha kisirani. (Ile hadithi inayozunguka kwamba asili yake ni mambo yaliyofanyiwa nje ya jukwaa la tamthilia ni ya kuvutia ila wataalamu wa asili za maneno hawajaithibitisha, usiifundishe kama ukweli.) Ukali wake unauona hata kwenye pesa, Mwingereza akisema faida ya kampuni fulani ni "obscene" anamaanisha ni faida ya kukufuru, imepita kiasi mpaka inaudhi.

Tofauti ya hayo mawili mahakama zenyewe zimewahi kuisema wazi. Uingereza mwaka 1965 Jaji Mkuu Lord Parker, kwenye kesi ya mtu aliyetuma vitu kwa posta, alieleza kwamba maneno yote mawili yanabeba wazo moja, kukiuka viwango vya heshima vinavyotambulika na watu, ila "indecent" liko chini kwenye ngazi na "obscene" liko juu. Mi nalipenda sana jibu hilo kwa sababu linamsaidia mfasiri moja kwa moja, linakwambia usiyatafsiri kana kwamba ni vitu viwili tofauti na pia usiyafanye neno moja. Marekani nako wanaitumia ngazi hiyo hiyo kwenye redio na televisheni: kilicho "obscene" hakirushwi saa yoyote ile, lakini kilicho "indecent" kinakatazwa kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, saa ambazo watoto wanaweza kuwa wanasikiliza. Sisi Kenya pia kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zina saa za kuwalinda watoto, saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku, kwa hiyo wazo si geni kwetu, kitu kimoja kinaweza kuvumilika usiku na kisivumilike mchana na kingine hakivumiliki wakati wowote.

Sasa njoo kwenye "indecent act", na hapa naomba usome polepole dada, manake hapa ndipo staha peke yake haitoshi tena. Kenya hilo si fungu la maneno la kuelea, lina maana iliyoandikwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 2, inasema ni kitendo cha makusudi na kinyume cha sheria kinachosababisha sehemu yoyote ya mwili wa mtu iguse sehemu za siri, matiti au makalio ya mtu mwingine bila kufikia kuingiliana, au kumwonyesha mtu picha za ngono bila hiari yake. Basi. Kumfanyia mtoto ni kifungu cha 11, kifungo kisichopungua miaka 10. Kumfanyia mtu mzima ni 11A, kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili.

Ona yale maneno mawili, makusudi na kinyume cha sheria. Nina hakika hoteli yenu ina wakandaji, na mkandaji anaugusa mwili wa mgeni kazini kutwa nzima, daktari naye vivyo hivyo. Ukiyaacha hayo maneno mawili kwenye tafsiri umemweka mkandaji wako hatarini bure, na ukiyatia lakini ukaacha kutaja viungo umempa mkosaji mwanya wa kusema "mi nilidhani ni utani tu". Nimeona tafsiri za aina zote mbili na zote zinaumiza watu, moja inamuumiza asiye na hatia na nyingine inamuumiza aliyeshikwa.

Na kuna jambo lingine naliona zito zaidi. Ukisoma hiyo maana yote mwanzo mwisho hutakuta nguo. Hakuna sketi, hakuna suruali ya kubana, hakuna dera wala buibui. Lakini mitaani kwetu ukisema "indecent" mtu anawaza kwanza mwanamke kavaa nini, na hilo neno limetumika kama ruhusa ya kuwafanyia wanawake unyama. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume waliokuwa wakidai wanalinda maadili, na mwaka huo huo ikaingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 251A kinachofanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa. Uganda nako 2014 ilitiwa saini sheria dhidi ya ponografia ambayo watu waliibatiza sheria ya sketi fupi, wanawake wakaanza kusumbuliwa barabarani, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu vyake vikuu kwa kuwa vilikuwa havieleweki mipaka yake. Mimi nasema bila kuficha, anayemvua mwenzake nguo barabarani ndiye aliyefanya jambo la aibu, si yule aliyevuliwa, na mfasiri anayeandika "mavazi ya uchafu" anawasaidia hao watu bila kujua. Kama hoteli yenu ina masharti ya sare yaandikeni kwenye ukurasa wa sare, gauni lifike wapi, viatu vya aina gani, msiyachanganye na kifungu hiki hata kidogo.

Ndugu zetu wa Tanzania wamezoea kusema shambulio la aibu kwa "indecent assault", na redio zetu husema kitendo cha aibu au kumshika mtu visivyo. Kitendo cha aibu mi naona kinafaa kama kichwa cha habari, watu wanakijua, ila kwenye kanuni lazima kifuatwe na maelezo. Hata Waingereza wenyewe kwa sheria yao ya 2003 waliliacha "indecent assault" wakaweka "sexual assault", na mi naona walifanya vyema, kwa sababu neno la zamani lilikuwa linaangalia aibu ya watazamaji na jipya linaangalia kilichompata mtu.

Sasa kwa kantini yenu. Msichukue maneno ya sheria ya jinai peke yake, kuna Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inayoeleza unyanyasaji wa kingono kazini na inataja wazi lugha ya kingono, ya kusemwa au kuandikwa, picha za kingono, na vitendo vya mwili vya kingono visivyotakiwa na anayefanyiwa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kuwa na sera iliyoandikwa juu ya hilo, na hoteli ya Diani sidhani inakosa watu 20. Mi ningeandika hivi:

"Ni marufuku kwa mfanyakazi kumgusa kwa makusudi mfanyakazi mwenzake au mgeni sehemu za siri, matiti au makalio, au kumgusa kwa namna yoyote ya kingono asiyoitaka. Katazo hili halihusu huduma halali ya ukandaji au matibabu. Ni marufuku pia kumwonyesha au kumtumia mwenzako au mgeni picha, video, sauti au ujumbe usio na staha, au wa ngono waziwazi, kwa simu au kwa njia nyingine yoyote. Atakayefanya hivyo atachukuliwa hatua, ikiwa ni pamoja na kufutwa kazi baada ya kusikilizwa."

Hapo "usio na staha" ndo "indecent" na "wa ngono waziwazi" ndo "obscene", ngazi ya chini na ya juu, na hujatumia uchafu hata mara moja. Najua kuna wazee pale watakunja uso wakiona matiti yameandikwa ukutani, na kweli sisi watu wa pwani tuna haya na haya ni nzuri. Lakini kanuni inayomwondolea mtu riziki haiwezi kusemwa kwa mafumbo. Kama ukuta ni tatizo, ipigeni chapa kila mtu apewe nakala yake asaini, ukutani pabaki muhtasari.

Yale maneno ya mwisho "baada ya kusikilizwa" usikubali bosi ayafute. Kifungu cha 41 cha hiyo hiyo Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi anayekusudiwa kufutwa kwa utovu wa nidhamu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama anayemchagua, kisha asikilizwe. Kwa lugha anayoielewa, imeandikwa kabisa. Kwa hiyo hiyo tafsiri yako si pambo la ukuta.

Na matusi ya kawaida, yale ya kumtukana msimamizi ukiwa na hasira, usiyatie humu. Hayo yako kifungu cha 44 pamoja na makosa mengine makubwa ya kazini, yawekeeni mstari wake peke yake. Ukimaliza, kabla haijasainiwa, mpe mtu wa usafi, wa jikoni na wa bustani waisome kisha wakueleze kwa maneno yao wamekatazwa nini. Wakipishana, nitumie hapa sentensi iliyowachanganya tuirekebishe.