Ukitazama shaba, anzia puani

Swali la juma liliuliza: katika maonyesho ya wanafunzi wanaomaliza masomo ya sanaa hapa Lubumbashi, mgeni atajuaje kazi iliyoiva?

Aanzie kwenye shaba, maana shaba haifichi uvivu. Bamba huchomwa kwanza mpaka liwe jekundu hafifu, likazamishwa majini, kisha likalazwa juu ya lami na kusukumwa kwa nyundo kutoka upande wa nyuma. Kadiri linavyogongwa ndivyo linavyokakamaa. Lisiporudishwa motoni, hupasuka pale lilipovutwa zaidi: puani, midomoni, kwenye viwiko. Kwa hiyo sogea, tazama ncha ya pua. Ukikuta kistari cha kijivu, hapo ufa umezibwa kwa madini ya risasi. Madoa meusi yenye umbo la vidole ni jasho. Bamba halikusuguliwa wala kupakwa vanishi kabla ya kubebwa.

Tablo, yaani picha ya kupakwa rangi, ni kazi ngumu zaidi kuipima, kwa kuwa ukutani kuna wachoraji wazee wanaochungulia, na mitindo yao huigwa. Karakana ya Pierre Romain-Desfossés, Le Hangar, ilianza 1946, na akademia ya Laurent Moonens ikafuata 1951. Le Hangar ndiko walikotoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara aliyepaka rangi kwa vidole, na Mwenze Kibwanga wa mistari mifupimifupi. Mistari hiyo huazimwa kirahisi mno. Kwa Mwenze ndiyo mwili wenyewe wa mtu. Kwa mwigaji hujaza tu nafasi iliyobaki. Ziba sura ya mtu kwa kiganja: kilichobaki kikifanana na kitenge, basi kimeazimwa bila kueleweka.

Tablo ya rangi za mafuta itazame pia kwa ubavuni. Tabaka la juu likiwa na mafuta machache kuliko la chini, hutangulia kukauka, na la chini likiendelea kujivuta linalipasua. Hiyo ni haraka ya kuwahi juri, yaani jopo la wanaotoa alama.

Jioni ya vernisaji, yaani ufunguzi wa maonyesho, ni ya hotuba na soda. Nenda kesho yake asubuhi, kwa mwanga wa dirisha, kwani taa iliyoelekezwa moja kwa moja hufanya vanishi ing'ae usione rangi. Katikati ya tablo pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni; ikipanda zaidi, shingo itachoka kabla ya macho.

Karatasi ndefu za maelezo zisome mwisho, au uziache. Afadhali umwulize mwanafunzi bamba lake lina unene gani na lilirudi motoni mara ngapi. Aliyeligonga mwenyewe hujibu papo hapo.