Chukua .44 Magnum, ndugu yangu

Umeuliza uchukue rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya risasi za .44 Magnum au za .454 Casull zenye nguvu zaidi, uwindie kulungu huko Texas na kulenga shabaha wikendi. Chukua .44. Kulungu hahitaji zaidi, na silinda yake hupokea pia risasi za .44 Special, ambazo teke lake, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma mkononi, ni dogo. Hizo ndizo za kuzoeza mkono. Ile .454 utaipiga mara tano kiganja kiwake moto, kisha uanze kufumba macho kabla ya kuvuta triga. Hapo ndipo mnyama hujeruhiwa akatokomea porini, na inauma sana. Rivolva ya Ruger Super Redhawk yenye mtutu wa inchi 7.5 ni nzito kweli, lakini uzito huo humeza teke. Vizibo vya masikio usivisahau hata siku moja.