Kikao kimya, ngazini kelele

Inboksi wiki hii imejaa maswali ya kazini tupu, nimechukua manne.

*Kila Jumatatu bosi anauliza "nani ana la kusema?" wote kimyaa. Tukitoka tu, kwenye ngazi ni maneno hayaishi. Sisi waoga? (Posta)*

Sio woga tu, mna kumbukumbu. Nani alisema mara ya mwisho, na alifanywa nini? Mie kuna sehemu nilifanya kazi, mwenzetu aliuliza tu mbona ovataimu haijaingia, akajibiwa "we siku hizi mwanasheria eeh?", watu wakacheka, na jina likamganda, Wakili. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu tena, hata feni ikifa tunajipepea na mafaili. Kejeli moja tu hiyo! Kwa hiyo usijitose peke yako, ongea na mwenzio kabla, uliza kitu kidogo chenye jibu, yeye adakie.

*Nasimamia stoo Kariakoo. Kijana wangu alikosea kuhesabu mzigo akaficha wiki nzima. Nimechoka naye.*

Pole, ila angekuja siku ileile ungemwambia nini? Jijibu kwanza. Kuna mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, miaka ya 90 aliangalia makosa ya dawa kwenye hospitali Marekani, akitegemea timu nzuri ziwe na makosa machache, akakuta ndo zimeripoti mengi zaidi. Akaja kuona sio kwamba wanakosea sana, ni kwamba wanasema, wale wengine wanafukia. Ndo maana stoo ambayo daftari lake halina kosa hata moja mwaka mzima mie ningeishuku. Mwite pembeni, sio mbele ya makuli, mwambie "hebu nieleze huu mzigo tangu unashuka kwenye gari". Anza na mzigo, tabia yake baadaye. Kukosea mwelekeze, kuficha ndo mkanye.

*Mwenzangu ana umri wa mama yangu, anachelewa kila siku, kaunta nafungua mimi. Nitasemaje nisionekane sina adabu?*

Shikamoo kwanza, na sio kwenye grupu la WhatsApp jamani. Mkiwa wawili: "Mama, naomba unisaidie, saa 2 wateja wananizidi." Halafu nyamaza umsikilize, pengine anagombania gari Mbagala tangu alfajiri.

*Nikisema ukweli wakanifukuza?*

Inawezekana, sikudanganyi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu, ila kama hujafikisha miezi 6 kazini kinga hiyo haikuhusu. Wakikuachisha unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na hapa ndo wengi wanapoliwa, mtu anakaa nyumbani anasubiri bosi apoe mpaka siku zinakata. Na kuanzia leo andika tarehe na nani alisema nini, kwenye daftari lako, sio kompyuta ya ofisi.